Miaka Nenda, Miaka Rudi: Mwalimu wa Picha na Kaunti ya Hale

Katika Kaunti ya Hale, jimboni Alabama, kusini mwa Marekani, palikuwa na jengo dogo jekundu lililojificha msituni. Lilikuwa la mbao, ila mbao zenyewe zilifunikwa kwa karatasi za lami zilizochapwa michoro ya matofali, zile ambazo mtu asiyeweza kujenga kwa matofali alizipigilia ukutani ili nyumba yake ifanane na ya mwenye uwezo. Mbele lilikuwa na mlango mmoja. Zamani lilikuwa shule ya chumba kimoja, baadaye likawa kituo cha kupigia kura, kisha likageuzwa stoo. William Christenberry alilipiga picha mwaka 1974 akiwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, mlango katikati ya fremu. Baadaye akarudi, akasimama palepale, akapiga tena. Aliendelea hivyo kwa takribani miaka thelathini.

Mimi ni mwalimu wa upigaji picha, na hakuna picha ninazozitumia darasani mara nyingi kama hizo. Nazipanga ukutani kwa mstari bila kusema mwaka. Mwanafunzi anayeziona mara ya kwanza huuliza kwa nini nimebandika picha moja mara nyingi. Simjibu. Baada ya muda anaanza kusogea karibu. Anaona kichaka hakipo pale kilipokuwa, wekundu wa ukuta hapa umekolea na pale umepauka, msitu umepiga hatua kulisogelea jengo. Mwingine anaanza kubishana na mwenzake ipi ilitangulia. Wakifika hapo huwa sijafundisha kitu, na tayari wanasoma picha kwa makini kuliko siku nyingine yoyote.

Naandika makala hii kwa sababu naona sisi tunaofundisha kazi hii tunawasukuma vijana upande mmoja tu: watafute pahali papya, mwanga mpya, sura mpya, waje na kitu ambacho hakuna aliyekiona. Christenberry alikwenda kinyume kabisa. Alichagua eneo dogo, akalirudia maisha yake yote, na naamini alitufundisha kwamba nchi haijulikani kwa kuitembelea. Hujulikana kwa kuirudia.

Alizaliwa Tuscaloosa, Alabama, tarehe 5 Novemba 1936. Babu na bibi zake wa pande zote mbili walikuwa wakulima katika Kaunti ya Hale, kusini mwa mji huo, na likizo za utotoni alizimalizia huko mashambani. Alisomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Alabama, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1958 na ya pili mwaka 1959. Picha alianza kuzipiga kama msaada tu wa kuchora. Alikuwa na Brownie, kamera ya bei nafuu ya Kodak ambayo mtoto angeweza kuitumia: lenzi isiyorekebishwa, kasi moja ya kufunga na kufungua, huna cha kuchagua zaidi ya mahali pa kusimama na saa ya kubonyeza. Filamu ya rangi aliipeleka kwenye duka la dawa kusafishwa, kama familia nyingi za Kimarekani zilivyofanya enzi hizo, na picha zikarudi zikiwa ndogo za kutosha kukaa kiganjani.

Nasisitiza hilo la mahali pa kusimama. Kamera ya namna ile inampa mpiga picha uamuzi mmoja wa maana, na Christenberry aliufanya vizuri tangu mwanzo. Alisimama mbele ya jengo kama mtu anayemsalimia mkubwa wake, si kwa pembeni, si kwa chini. Hakulitafutia jengo ujanja wa kulipendezesha. Mwanafunzi mwenye simu ya lenzi tatu anaweza kufanya mambo mia, na ndiyo maana mara nyingi hafanyi hili moja.

Mwaka 1960, akiwa Birmingham, Alabama, aliona dukani kitabu kilichotolewa upya mwaka huohuo, kazi ya mwandishi James Agee na mpiga picha Walker Evans kuhusu familia tatu za wakulima wa pamba, Wazungu maskini waliolima ardhi ya watu na kugawana mavuno na wenye mashamba. Agee na Evans walifika Kaunti ya Hale majira ya joto ya 1936 kwa ajili ya jarida la Fortune. Jarida halikuichapisha kazi ile. Ilipotoka kama kitabu mwaka 1941 ilinunuliwa na watu wachache mno. Christenberry alifungua kurasa akakuta mahali anapopajua. Majina ya familia yalikuwa yamebadilishwa, lakini bibi yake alipozitazama picha aliwatambua watu wale. Walikuwa majirani.

Fikiria jambo hilo kwa upande wa kijana mchoraji wa miaka ishirini na mitatu. Amejifunza chuoni kwamba sanaa inafanywa New York na Paris. Kisha anakuta mwanasanaa mkubwa amesafiri kutoka New York, katika mwaka uleule aliozaliwa yeye, akafunga safari hadi kwenye mashamba ya jirani wa bibi yake, akaona pale kitu kinachostahili kazi yake bora kuliko zote. Sidhani kama kuna somo la chuo lingeweza kumfunza hivyo.

Mwaka uliofuata alihamia New York na kumtafuta Evans, aliyekuwa bado anafanya kazi Fortune. Evans akaomba kuziona zile picha ndogo za duka la dawa, ambazo Christenberry mwenyewe alizichukulia kama karatasi za kazi, na akamhimiza azitilie maanani. Kwangu huo ni ualimu wa hali ya juu. Mwalimu wa kawaida angemwambia anunue kamera nzuri. Evans alitambua kwamba kijana tayari ameshapata njia yake, ila hajui kama ameipata.

Hakukaa New York sana. Mwaka 1962 alikwenda kufundisha Memphis, jimboni Tennessee, na huko akawa rafiki wa William Eggleston, ambaye maonyesho yake ya picha za rangi katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1976 yalizua ubishi mkubwa, kwa kuwa wakati huo wengi waliamini picha ya sanaa ni ya nyeusi na nyeupe, rangi ni ya matangazo ya biashara na sherehe za familia. Mwaka 1968 Christenberry alihamia Washington kufundisha katika shule ya sanaa ya Corcoran. Akafundisha hapo miongo minne.

Watu wanapomsimulia huutaja ualimu wake kwa sentensi moja na kuendelea. Mimi nausimamisha hapo kidogo. Kalenda ya mwalimu ina nafasi ambayo kazi nyingine hazina: shule ikifungwa, kuna wiki za mtu kuondoka. Kila majira ya joto Christenberry aliendesha gari kutoka Washington hadi Alabama, akazunguka barabara zilezile, akasimama kwenye majengo yaleyale. Tena alikwenda akitoka darasani, ambako mwaka mzima alikuwa akitazama kazi za vijana na kuwauliza kwa nini. Anayefundisha hulazimika kusema kwa maneno kile ambacho msanii mwingine angekiacha kichwani. Nadhani uwazi wa picha zake, ule utulivu wa kutojificha nyuma ya mbinu, una uhusiano na hilo. Na umbali nao ulimfaa. Angebaki Tuscaloosa angeuzoea ule msitu, na aliyezoea haoni ukuta ukipauka.

Mwaka 1973 Evans alirudi naye Kaunti ya Hale, mara yake ya kwanza tangu 1936. Alikuwa mzee na afya yake dhaifu. Alifariki mwaka 1975.

Sasa kuna jengo la pili ambalo nalipenda kuliko lile jekundu. Lilikuwa katika njia panda ya Havana, na lilianza kama duka la kijijini la mjomba mkubwa wa Christenberry. Baadaye likapangishwa kwa watu waliosoma bahati kwa kutazama viganja, wakatundika kibao chenye mchoro wa mkono mkubwa uliofunguliwa, na neno la kutangaza kazi yao. Walipoondoka, kibao kilibaki. Dirisha lilipovunjika, mtu fulani alikichukua kile kibao akazibia tundu ili mvua isiingie, na alikiweka kichwa chini. Basi katika picha ya Christenberry unaona ukuta wa mbao uliochakaa, mti wenye matawi yanayolifunika paa, na pale dirishani mkono mkubwa wenye vidole vinavyoelekea ardhini.

Siku ya kwanza wanafunzi wangu hudhani ameupanga mkono ule yeye. Nawaeleza habari ya dirisha na mvua. Kisha nawaambia waiangalie tena picha wakiwa wanajua. Aliyepindua kibao hakuwa na nia ya kusema lolote. Alitaka sakafu isilowe. Christenberry naye hakukigeuza kikae sawa, hakukisogelea hadi mkono ujae fremu, hakukitenga na ukuta. Aliuacha mkono uwe sehemu ya jengo, wa kuonwa na mwenye subira. Mpiga picha mwenye njaa ya picha kali angepiga mkono peke yake, na angeondoka na picha ya kuchekesha. Aliipiga nyumba ile mara nyingi kwa miaka, hadi ilipoanguka, na baada ya hapo akapiga mahali ilipokuwa imesimama. Anayeiona picha ya kiwanja kitupu bila kuzijua zilizotangulia ataona majani na mti. Anayezijua ataona duka la mjomba, wapangaji, mkono, na dirisha.

Yafaa kueleza kwa nini majengo mengi katika nchi ile yaliachwa yaoze, maana picha zenyewe hazielezi. Kaunti ya Hale imo katika ukanda unaoitwa kwa Kiingereza Black Belt, ulioitwa hivyo kwanza kwa udongo wake mweusi wenye rutuba. Pamba ndiyo iliyoijenga, na kabla ya 1865 ililimwa kwa mikono ya Waafrika waliotumikishwa utumwani. Baada ya hapo waliokuwa watumwa na vizazi vyao, pamoja na Wazungu maskini kama wale wa Agee na Evans, wakalima kwa kugawana mavuno na wenye ardhi, wakibaki na madeni yasiyokwisha. Ardhi ikachoka na mmomonyoko. Mashine za kuvuna pamba zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mikono ile haikuhitajika tena. Watu wa kusini wakahama kwa mamilioni kwenda miji ya kaskazini, nao waliobaki hawakuweza kuzihudumia shule, maduka na makanisa yaliyojengwa kwa ajili ya umma mkubwa. Leo kaunti nzima ina watu wasiofika elfu kumi na tano, zaidi ya nusu yao Weusi.

Hata mmea unaotambaa juu ya majengo katika picha zake una historia hiyohiyo. Unaitwa kudzu. Ulitoka Japani, ukaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, na katika miaka ya 1930 idara ya serikali ya kuhifadhi udongo ikawahimiza wakulima wa kusini waupande ili uzuie ardhi kumomonyoka. Ukastawi kupita walivyotarajia. Ukapanda juu ya miti, nguzo, magari mabovu, nyumba. Christenberry aliupiga mara nyingi, na katika baadhi ya picha hizo huwezi kusema kwa hakika kama chini ya kijani kile kuna ghala au kilima.

Katika kijiji cha Newbern, kaunti hiyohiyo, alipiga ghala la kijani kwa miaka tangu 1973. Huko Newbern ndiko walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auburn, Samuel Mockbee na D.K. Ruth, walikoanzisha mwaka 1993 mpango wao wa kuwafundisha vijana usanifu majengo kwa kuwapeleka wakajenge nyumba za wakazi maskini, wakiishi nao. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba mwalimu anaweza kulirudia eneo kwa namna zaidi ya moja. Mmoja anarudi kutazama, mwingine anarudi na misumari.

Ila Christenberry naye alijenga. Katikati ya miaka ya 1970 alianza kutengeneza sanamu za yale majengo, ndogo za kuwekwa juu ya meza, kwa mbao na bati na rangi. Ya kwanza ilikuwa kanisa la Sprott, kaunti ya jirani, jengo jeupe lenye minara miwili ambalo alilipiga picha mwaka 1971. Sanamu hizo hakuzifanya kwa vipimo vya fundi. Alizijenga kutokana na kumbukumbu na picha. Chini yake alimwaga udongo mwekundu halisi aliousafirisha kutoka Alabama hadi Washington. Udongo wa Hale si mweusi kote. Sehemu za vilima ni mwekundu wa kuacha alama kwenye viatu. Alipolipiga tena kanisa lile mwaka 1990, minara haikuwepo, imeondolewa, na lililobaki lilikuwa paa la kawaida. Minara ipo kwenye sanamu.

Natamani niishie hapo, kwa kuwa huko ndiko mapenzi yangu yaliko, kwenye milango na minara. Lakini Christenberry hakuishia hapo, na mwalimu anayemfundisha nusu anamdhulumu yeye pamoja na wanafunzi.

Chuo Kikuu cha Alabama alichosoma kilimpokea Februari 1956 mwanafunzi wa kwanza Mweusi, Autherine Lucy, na ndani ya siku chache umati ukafanya ghasia, chuo kikamwondoa yeye badala ya waliofanya ghasia. Christenberry alikuwa mwanafunzi pale. Mwaka 1963 gavana George Wallace akasimama mlangoni mwa ukumbi wa chuo hichohicho kuwazuia wanafunzi Weusi wawili wasiandikishwe. Kati ya matukio hayo mawili, Christenberry aliwahi kusikia kuna mkutano wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha na kuwashambulia Weusi, katika mahakama ya Tuscaloosa, akaenda kuchungulia. Alisimulia mara nyingi baadaye: alipanda ngazi, juu akamkuta mlinzi amevaa joho na kofia ya kuficha uso, macho tu yanaonekana kwenye matundu, na macho yale yakamgeukia. Akashuka ngazi mbio.

Kutokana na hofu ile alianza kutengeneza vinyago vidogo vilivyovikwa majoho, michoro, vitu vya kutisha, akaviweka katika chumba kimoja cha karakana yake kilichofungwa. Wachache walioruhusiwa kuingia walitoka wamenyamaza. Mwaka 1979 mwizi aliingia na kuchukua sehemu kubwa ya vitu hivyo, na havikupatikana. Akaanza upya. Wapo waliomlaumu, wakisema kuvionyesha vitu hivyo ni kuvipa nafasi. Wapo Weusi walioona maumivu yao yanatumiwa na Mzungu kwa ajili ya sanaa yake. Lawama hizo ni nzito na mimi siwezi kuzifuta. Ninachoamini ni kwamba mtu anayelipenda eneo kwa miaka yote ile, akauacha ule mlango umefungwa asiuguse, angekuwa anatengeneza kadi za posta. Jengo jekundu lilikuwa kituo cha kura katika jimbo ambalo hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 Weusi walizuiwa kupiga kura kwa mitihani na vitisho. Ukishajua hivyo, ule mlango mmoja wa mbele haukuangalii vilevile.

Halafu lipo suala la watu. Katika picha zake mashuhuri hakuna mtu. Mtazamaji anaona kiti, kibao, kaburi lenye maua ya plastiki, hamwoni aliyekaa wala aliyezika. Nimewahi kuliona hilo kama heshima, na bado naliona hivyo kwa sehemu: hakuwapiga watu maskini picha za kuhurumiwa. Lakini kaunti ambayo wengi wake ni Weusi, ikionyeshwa miaka hamsini kwa kuta tupu, inaweza kumfanya mtazamaji wa mbali aamini kwamba pale hakuna maisha tena, kila kitu kimekwisha, kimebaki cha kusikitikiwa.

Hapo ndipo namleta darasani mwalimu mwingine. RaMell Ross alihamia Kaunti ya Hale mwaka 2009, akafundisha vijana picha na kuwa kocha wao wa mpira wa kikapu. Filamu hakuianza mara moja. Aliishi kwanza, akafahamika. Filamu aliyoitengeneza kuhusu watu wa huko ilitoka 2018 na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa filamu za maisha halisi. Humo kuna jasho la mchezaji anayefanya mazoezi peke yake, mtoto anayekimbia kwenda na kurudi sebuleni bila kuchoka, anga la mvua, moshi wa matairi ukipenya jua katikati ya miti. Kaunti ni ileile. Sasa ina pumzi.

Siwashindanishi. Nawaweka wawili hao ukuta mmoja kwa sababu kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake ameliacha. Christenberry anaonyesha muda unavyoitendea mbao. Ross anaonyesha nani anaishi ndani ya muda huo. Na wote wawili, kabla ya kuwa na kipaji cha jicho, walikuwa na desturi ya kurudi, mmoja kwa gari kila mwaka, mwingine kwa kutoondoka.

Kazi ninayowapa wanafunzi ilitokana na hayo, na nimeiboresha mara kadhaa kwa kuona inapowakwamisha. Kila mmoja anachagua kitu kimoja kinachojengwa au kinachochakaa: ukuta, kibanda, lango, uwanja. Asichague kizuri. Achague anachokipita. Anaweka alama pa kusimama, jiwe au mstari wa rangi, kwa sababu hatua moja upande inabadilisha uhusiano wa kila kitu kilicho mbele na kilicho nyuma, na mwisho wa mwaka hutajua kama mti umeinama au ni wewe uliyehama. Lenzi isibadilike, wala kukuza. Kimo cha kamera kipimwe. Wengi wanasahau hili, wanapiga leo wamesimama na kesho wamechuchumaa. Picha ya kwanza wasiihariri rangi, la sivyo hawatajua wekundu uliopungua ni wa ukuta au wa programu ya simu. Kila picha iandikwe tarehe na saa. Na kabla ya kupiga mara ya pili, amtafute mtu mmoja anayekifahamu kile kitu, amuulize kilikuwa nini, aandike jibu.

Hiyo ya mwisho ndiyo wanayoipinga zaidi, na ndiyo inayobadilisha kazi. Mwanafunzi mmoja alichagua kibanda kilichofungwa kwa sababu alipenda kutu ya mlango. Picha zake za mwanzo zote zilikuwa kutu. Akaja akazungumza na mama mmoja aliyekuwa akiuza humo, mama akamweleza mezani alikaa wapi, mteja alisimama wapi, na kwa nini upande wa kushoto wa mlango umelika kuliko wa kulia: ndiko walikoegemea watu wakisubiri. Picha iliyofuata haikuwa nzuri kuliko za kwanza kwa rangi wala mwanga. Lakini alikuwa amesogea hatua mbili nyuma ili sehemu ile ya kuegemea iingie, na alama yake ya chini akaihamisha, akaanza mfululizo upya kutoka hapo. Sikumwambia afanye hivyo.

Wengine hukata tamaa mapema kwa kuwa hakuna kinachobadilika. Nawaambia waendelee, wiki tatu za ukuta uleule zinachosha, na uchovu huo ni sehemu ya kazi. Anayevumilia huanza kugundua vitu vidogo ambavyo awali visingemgusa, na siku kitu kikubwa kinapotokea, tingatinga au moto au mpangaji mpya, anayo picha ya jana.

Christenberry alifariki Washington tarehe 28 Novemba 2016, akiwa na umri wa miaka 80, baada ya kuugua ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu. Jumba la Sanaa za Marekani la Smithsonian, mjini humohumo, lilikuwa limemfanyia maonyesho makubwa mwaka 2006, na kazi zake nyingi zimehifadhiwa huko.

Anayetaka kumjua asianze na zile picha kubwa alizopiga kuanzia 1977 kwa kamera ya filamu ya inchi 8 kwa 10, ambazo zinahesabu kila msumari wa ukuta. Aanze na ndogo za Brownie, zenye ukungu kidogo na rangi tamu ya duka la dawa, halafu azilinganishe mbili za jengo moja, ndogo na kubwa. Kisha atafute picha alizopiga Walker Evans huko Alabama mwaka 1936. Zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani na yeyote anaweza kuzitazama mtandaoni bila malipo. Miongoni mwake kuna ya posta ya Sprott, ambayo pia ni duka, na mbele yake imesimama pampu ya mafuta.